Bati Moja kati ya Mapaa Mawili

Jumatatu, 1 Julai 1957

Niwie radhi, daftari. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemwadhibu. Basi najikemea mwenyewe, na yaishe. Sababu ni macho ya Mama mkwe.

Yamekwisha. Mwaka jana alikuwa bado anamtambua mtu kwa umbo. Sasa anatambua mchana na usiku tu. Nafula, mke wangu, alimleta hapa Molo kutoka Kimilili baada ya kumzika mzee wao, kwa kuwa kule hakubaki mtu wa kumtekea maji. Kampuni ya mbao, ambayo ndiyo mwajiri wangu na mwenye shule ninayofundisha, ikaniruhusu kumjengea kibanda nyuma ya nyumba yangu kambini. Kibanda chake, paa lake, meko yake. Sisi Wabukusu hatuwezi vinginevyo. Mwanamume na mama wa mkewe hawalali chini ya paa moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Ndiyo heshima. Miaka yote ya ndoa yangu, akiniona njiani hugeukia upande wake, nami hugeukia upande wangu, na tumeishi kwa amani kuliko watu wengi wanaotazamana.

Shida ni kwamba hanioni tena. Kazi yote ya kukwepana imeniangukia mimi! Kila nifikapo kwenye pembe ya nyumba nakohoa ili ajue nipo. Leo nimemsikia akimwambia Nafula, "Huyu mume wako ana kifua kibaya. Mbona humtafutii dawa?" Wakacheka wote wawili.

Sikucheka. Nilikohoa, nikapita.

Alhamisi, 4 Julai

Nesi Jerop wa zahanati ya kampuni amempima. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yanaweza kuondolewa. Daktari wa macho yuko Nakuru katika hospitali ya misheni, lakini mwisho wa mwezi anakwenda Uganda na hajulikani atarudi lini. Jerop amemwambia Nafula wasingoje: jicho la kulia likikaa hivyo mwaka mmoja zaidi, hata daktari hatalifaa.

Hospitali ile huwapokea watu wetu wakiwa na barua ya Mfuko wa Matibabu wa kampuni. Mfuko huo hukatwa katika mshahara wangu tangu ulipoanzishwa, na sijawahi kuutumia hata kwa jino. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nikaenda kwa Bwana Kemboi, karani wa Mfuko.

"Jina ya mgonjwa?"

Nikamwambia nitamwita mke wangu alitaje. Mimi jina la Mama mkwe silitamki.

"Mgonjwa haina jina?"

"Analo. Halimo kinywani mwangu."

Akanitazama, akacheka kidogo, akaacha nafasi ya jina wazi. Akasoma kanuni: anayestahili ni mzazi wa mfanyakazi au mzazi wa mkewe, mradi analala chini ya paa la mfanyakazi. "Sasa huyu mama analala kwako?"

"Analala kwake, nyuma ya kwangu."

Kalamu ikasimama.

Nikamweleza. Kemboi ni Mnandi, ana mila zake na wakwe zake, nikadhani ataelewa. Ameelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. "Mimi naelewa kabisa, Mwalimu. Kitabu ndiyo haielewi." Kisha akainama na kuninong'oneza: niandike tu kwamba analala ndani, nani atakuja kuchungulia? Nikamjibu kwamba nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo, na baadhi yao leo wana ndevu.

"Basi uombe Mungu," akasema. "Kanuni imekuwa ngumu sababu ya nyinyi wenyewe. Iko mtu moja wa msumeno alileta baba watatu. Mmoja alikuwa ameshazikwa, na bado alikuja kung'olewa meno."

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda Nakuru juu ya lori la mbao, nikavaa koti la kanisani. Elburgon tukasimamishwa na askari, wakatazama karatasi za kila mtu, wakazitazama tena. Nilifika ofisi kuu nikiwa nimejaa unga wa mbao kama mwokaji mikate.

Bwana wa Mfuko ana adabu. Hakunipa kiti, lakini ana adabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini mama yule asilale tu katika chumba changu cha nyuma, kwani mimi ni mtu niliyesoma, tena mzee wa kanisa. Wasiwasi wa kienyeji, alisema, usimnyime ajuza macho yake.

Jibu lilinijia juu ya lori, tukiwa tumekwisha kuipita Njoro: ningemwuliza mbona yeye haendi kanisani bila suruali, maana hakuna amri ya Mungu inayotaja suruali. Limenijia bila faida. Nimekaa nalo juu ya mbao mpaka nyumbani.

Nimepata jambo moja tu. Jumatatu ya tarehe kumi na tano atatuma mkaguzi aje aone kwa macho yake. Akikuta paa moja na mama yule akilala chini yake, barua itatiwa sahihi hapohapo. Akikuta mapaa mawili, shauri limefungwa.

Nafula aliuliza wamesemaje. Nikamwambia. Aliendelea kumenya viazi, lakini maganda yalitoka manene. Si kawaida yake.

Jumatano, 10 Julai

Nimerudi kutoka shuleni nimekuta paa moja.

Nafula amemwita seremala wa kambi. Kati ya ukuta wangu wa nyuma na kibanda cha Mama mkwe kulikuwa na ujia, upana wake mtu na ndoo yake. Sasa juu ya ujia huo kuna bati, limepigiliwa misumari huku na huku. Shauri hilo, kumbe, ni la Kemboi. Alimnong'oneza Nafula zahanatini, kwa kuwa mimi nilikwisha kumkatalia mnong'ono wa kwanza.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Kisha ningefikiri. Nimezunguka nyumba nikilitazama. Uongo haumo: mapaa yameshikana, mtu yeyote anaweza kuona. Wala silali karibu naye kuliko jana. Ukuta wangu uko palepale, na wake uko palepale. Kemboi amepita jioni kukagua kazi yake. "Sasa hii ni paa moja, Mwalimu. Hata ng'ombe anaona."

Nimekiri kwamba ni werevu. Nimekiri kwa shida, lakini nimekiri.

Alhamisi, 11 Julai

Tulisahau mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, mvua ya Molo, baridi mpaka kwenye mifupa. Mama mkwe alikuwa kitandani kwake. Haoni, lakini masikio yake hayajazeeka. Akamwita Nafula akamwuliza, "Ile mvua ya katikati imekwenda wapi?"

Nafula akajifanya hakusikia. Mama akatoka na fimbo, akainyanyua juu, akaligonga bati. Akaligonga tena upande wa nyumba yangu, akifuata mlio mpaka penye misumari. Kisha akasema, "Mmenilaza nyumba moja na mkwe wangu, na mimi sikuambiwa."

Akachukua blanketi lake, akaenda kwa Wangui, jirani yetu mjane mwenye chumba kimoja na kuku. Hataki kurudi. Nafula amemweleza habari ya mkaguzi, daktari, Uganda, yote. Amejibu kwamba giza ameshalizoea, aibu hajaizoea, na umri wa kuizoea umempita.

Basi hapa ndipo tulipofika. Bati likiwapo, kampuni inasema anastahili, naye hawezi kulala pale. Bati likiondoka, yeye anaweza kulala pale, na kampuni inasema hastahili. Nimelieleza jambo hili kwa Kemboi polepole, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Akasema, "Lakini kitanda yake iko ndani?" Nikasema kitanda kiko, mwenye kitanda hayuko. Akashika kichwa. Akasema mkaguzi haji kuangalia kitanda.

Mfuko unataka watu wawili walale pamoja kabla haujaamini kwamba mmoja ni mzazi wa mwingine. Sijui mtu aliyeitunga kanuni hiyo ana wakwe wa namna gani.

Ijumaa, 12 Julai

Siku nzima Nafula amekuwa mjumbe kati yangu na nyumba ya Wangui, na kila arudipo miguu yake inagonga chini kwa nguvu zaidi.

Nilimtuma aseme hivi: bati lisilo na ukuta chini yake si paa, ni mwavuli.

Jibu likaja: "Mwambie mwalimu kwamba mwavuli hufungwa mvua inapokwisha. Huo wake utafungwa?"

Nikatuma kwamba utafungwa, siku atakayotoka hospitalini.

Jibu: "Na mpaka siku hiyo, mimi nitakuwa nani kwake?"

Nafula aliketi kwenye kigoda akasema hatakwenda tena, sisi wawili tumemfanya posta. Tukagombana. Akasema nampenda mama yake kama shauri la kushindana na ofisi tu. Nikasema hilo si kweli. Akasema, "Basi unajua kwa nini anataka kuona?"

Nilidhani ni kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu wamo, alisema, lakini jana Mama alimwambia Wangui jambo lingine. Alisema amechoka kukoholewa. Miaka yote alikuwa akinigeukia kwa hiari yake, kama mtu mzima anayejua adabu. Sasa mimi namkwepa kama shimo lililo njiani. Akipata macho atanigeukia tena mwenyewe, na mimi nitaacha kikohozi changu cha uongo.

Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Hatimaye Mama mwenyewe ameonyesha njia. Kaka yake, Mzee Walubengo, anachunga ng'ombe katika shamba moja la Mzungu upande wa Elburgon, na ameombewa ruhusa ya kuja Jumapili. Ndiye mkubwa wao aliyebaki. Aje alitazame bati, aseme kama ni paa au si paa. Akisema si paa, Mama atarudi kulala kwake, na Jumatatu mkaguzi atamkuta. Akisema ni paa, lishuke jioni ileile, na macho yabaki yalivyo. Mama amesema atamtii. Nami nimetuma neno kwamba nitamtii.

Yaani jambo moja linaamuliwa na watu wawili, siku mbili mfululizo, nasi tunahitaji wa kwanza aseme si paa na wa pili aseme ni paa. Nimefundisha hesabu muda mrefu. Hesabu kama hii sijaiona.

Jumamosi, 13 Julai

Nafula amekwenda sokoni Molo na viazi. Wangui amekwenda naye. Nimebaki nasahihisha mazoezi ya darasa la nne, mlango wa nyuma ukiwa wazi ili nipate mwanga.

Muda si mrefu uliopita imeanza mvua ya mawe. Bila onyo, kama kawaida ya huku. Mabati yote ya kambi yamelia kwa pamoja. Nikasikia fimbo. Nimeijua mara moja: inagonga, inangoja, inagonga. Bila shaka alitoka kwa Wangui kufuata kitu kibandani kwake, shuka au ugoro wake, akidhani niko shuleni kwa mazoezi ya kwaya. Kwaya nimeiahirisha.

Mlango wa kibanda Nafula aliufunga kwa kufuli, na ufunguo amekwenda nao. Mama ameusukuma mara mbili. Kisha akarudi nyuma, akapapasa ukuta, akasimama mahali pasiponyesha.

Ni ujiani. Chini ya bati.

Yupo hapo sasa hivi ninapoandika. Kutoka mezani naona upindo wa nguo yake na miguu yake, imelowa, na mawe ya mvua yanaruka mpaka karibu na vidole. Uso sijautazama. Dakika hii ameuliza, "Kuna mtu?"

Najua wajibu wangu. Nikohoe. Nikikohoa atajua nipo, na akijua nipo atatoka hapo na kwenda kusimama kwenye mawe, na mwanamke wa umri wake hamalizi mvua kama hii akiwa mzima. Kwa Wangui ni mbali, njia imekuwa mto. Nisipokohoa, amesimama chini ya paa moja na mkwe wake bila kujua, na aliyemnyima kujua ni mimi.

Ameuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Nani yuko hapo?" Safari hii hakuielekeza uani. Ameielekeza mlangoni.

Kifua kinaniwasha kweli. Nimekizuia kwa leso. Fimbo haisogei. Nadhani ananisikia nikiandika, kalamu hii hukwaruza, lakini hajaondoka.

Mzee Walubengo akishatamka kesho, na mkaguzi akishatamka Jumatatu, nitayaandika yote mawili hapa kama yalivyosemwa. La leo bado. Nitaliandika mmoja wetu akishasogea.