Binti Yangu Alikosa Maswali Yote kwa Makusudi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa na mshtuko ambao sikuwahi kuupata katika miaka yote ya kazi yangu, nami ni mkaguzi wa mizani za madukani, mtu aliyezoea kudanganywa kwa kilo na gramu bila kupepesa jicho.

Shule ya mtaani kwetu ilikuwa na madarasa yote manane pamoja, hadi mwaka jana wakubwa wa elimu wa jiji walipoikata vipande viwili, darasa la kwanza hadi la tano wakabaki, la sita hadi la nane wakapelekwa ng'ambo ya barabara kuu, katika shule mpya inayokusanya watoto wa shule nne, na miongoni mwa waliohama alikuwa mwanangu wa kiume, aliyekuwa akiongoza darasa lake na ambaye sasa anashika mkia, jambo nililoliona kuwa ni utundu wa balehe, nikaendelea na shughuli zangu. Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake wa kike, na juzi mwalimu wake akaniita kunionyesha mtihani wa hisabati wa kumaliza darasa la tano, maswali arobaini ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na binti huyu, ambaye hukokotoa chenji kabla mwenye duka hajafungua droo, amepata sifuri.

"Mzee, watoto huchoka," mwalimu alisema kwa upole. "Tia sahihi hapa, arudie darasa."

Sikutia. Mizani iliyochakaa hukosea mara juu, mara chini. Inayokosea upande mmoja kila mara imeguswa na mkono wa mtu. Mtoto aliyefumbwa macho angepata kama maswali kumi kwa kubahatisha tu. Kuyakosa yote kunahitaji kuyajua. Nikamketisha mezani nyumbani, nikamwuliza swali moja moja, akayajibu yote sawasawa.

"Kumbe unajua! Sasa kwa nini?"

"Baba, kukosa nako ni kazi," alisema, akitazama vidole vyake. "Lile la sehemu lilinitoa jasho, nusura nilipatie."

Mama yake akacheka; mimi sikucheka. Nikamwuliza binti anaogopa nini huko ng'ambo.

"Sitaki kwenda alikokwenda kaka."

"Kaka yako si huyo, yumo chumba cha pili?"

"Yule si kaka. Kaka alikuwa ananifundisha."

Mama yake anasema, "Baba watoto, tia sahihi, mwaka mmoja tu, utatufikisha wapi na mizani yako?" nami najua nikisema kweli mtoto ataaibishwa na kuhamishwa, nikinyamaza nitakuwa nimegonga muhuri kwenye mizani iliyochezewa, tena nyumbani kwangu, na mwalimu anataka jibu Ijumaa. Nifanye nini?

Mkaguzi Aliyepigwa na Butwaa

Mkaguzi, pole. Nami nimeshika kichwa, ila si kwa sababu unayoidhani. Binti amepata sifuri siku moja, umeniandikia barua. Kaka yake ameporomoka mwaka mzima, ukasema balehe, ukaenda kupima sukari ya madukani. Mtoto wa darasa la tano ndiye aliyelinganisha kabla na baada, akaona kwamba kilichobadilika kwanza ni shule. Hitimisho lake ni bora kuliko lako. Njia yake ndiyo mbovu.

Wanaochunguza shule za mijini wameona mara nyingi alama zikishuka pale mtoto anapohamishwa katikati ya safari. Alikotoka, mwanao alijulikana na wadogo walimfuata. Alikoingia, ni uso mmoja kati ya mamia.

Usitie sahihi. Kurudia darasa kutaahirisha safari tu, na kumfundisha kwamba hila imefaulu. Nenda kwa mwalimu kabla ya Ijumaa pamoja na binti, aseme mwenyewe alichofanya na sababu yake, wewe ukiwa umesimama ubavuni pake, kisha uombe afanye mtihani mwingine. Ukitoka hapo, vuka barabara. Waulize walimu wa mwanao, mmoja mmoja, anakaa dawati lipi. Asiyejua, mwombe ajue, nawe urudi kumwuliza tena. Kukagua ndiyo kazi yako. Na kikao cha wazazi kikiitwa, dai alama za watoto waliohama, za kabla na za baada, ziwekwe mezani. Shule imekatwa vipande, na hakuna aliyepima.

Hayo ni ya mchana. Leo jioni, usingoje binti akusimulie tena habari za kaka yake. Gonga mlango wa chumba cha pili, ukae naye, wala usianze na alama.