Kwa Baba Neema, Aliyefunga Mkutano

Mpendwa Baba Neema,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea tu, usilifurahie mno. Barua yako imefika. Unasema umepata nyumba ya serikali Dar es Salaam, ina bustani, na kwamba umeamua mimi na mtoto turudi kabla shule hazijafunguliwa. Umeamua. Nilisoma neno hilo hapa jikoni kwetu Bredäng, pembeni mwa Stockholm, kwenye kiti kilekile ulichokuwa ukikalia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisoma hapa? Ulikuja Stockholm kusomea historia, nikakufuata na Neema akiwa bado mdogo. Majira ya baridi ya kwanza hatukuwa na pa kwenda, basi ukawa unanisimulia mambo ya Waingereza wa zamani huku nikikanda unga wa chapati. Mfalme aliona Bunge linamsumbua, akalivunja, akatawala miaka kumi na moja bila kuliitisha. Baadaye akaingia mwenyewe ukumbini, askari nyuma yake, kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshatoroka. Alipouliza wako wapi, Spika alipiga magoti akajibu kwamba yeye hana jicho la kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la Bunge. Hapo nawe ukapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, umeshika mwiko wangu. "Umemsikia, Mama Neema? Amepiga magoti na bado anakataa." Machozi yalikulenga. Neema akacheka, akakurukia mgongoni. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Na yule jemadari aliyepigana na mfalme hadi mfalme akakatwa kichwa, kisha mwenyewe akawatimua wabunge kwa askari na mlango ukafungwa? Huyo ulimchukia kuliko mfalme. "Mfalme alizaliwa akiambiwa nchi ni yake," ulisema, ukitema mbegu ya chungwa sahanini. "Lakini huyu alijua."

Basi tukakuchagua mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili wa hapa, Watanzania na Wakenya, Mganda mmoja, na wale Wakongo wawili waliotuchanganyia Kifaransa. Mwaka mmoja, kisha uchaguzi. Ulisimama ukasema cheo ni dhamana, tukapiga makofi. Mwaka ulipoisha ukaahirisha, eti theluji ni nyingi, wanaokaa mbali kule Fisksätra watashindwa kufika. Theluji ikayeyuka, ukasema watu wana mitihani. Kiangazi, watu wamesafiri. Theluji iliporudi, ukaanza upya. Mpaka minong'ono ilipozidi ndipo ukaitisha mkutano, ukiwa umekalia kiti mwaka wa tatu.

Bado naona kinyaa nikikumbuka ulivyoingia. Karibu kila kijana pale ulimpokea wewe stesheni, ukamtafutia koti la baridi. Ulikuwa wema wa kweli, sikatai. Lakini siku ile ulizunguka ukumbi mzima kabla hatujaanza, kiti kwa kiti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko? Koti bado linakutosha?"

Ulipomalizana na wa mwisho ukaenda mbele ukasema kura ya siri ni ya watu wasioaminiana, sisi tutanyoosha mikono. Nani, Baba Neema, angekuamkia hivyo, kisha muda si muda akunyooshee mkono wa kukupinga, unamtazama? Ulijua. Ulichukua adabu tuliyofundishwa na mama zetu ukaifanya kamba ya kutufungia.

Atieno, yule nesi wa Kisumu, ambaye shikamoo kwao si desturi sana, akasimama. "Mwenyekiti, mimi naona tupige kura ya karatasi. Hii ya mikono watu wanaogopa."

Ukacheka. "Haya, wangapi wanamuunga mkono dada yetu?"

Mikono ikabaki mapajani. Nikanyoosha wangu.

"Mama Neema, hebu kaangalie pilau."

"Pilau limeshaiva," nikasema, na mkono sikuushusha. Nyuma yangu nikasikia kiti kikiburutwa. Mkono wa pili ukapanda, ukafuata mwingine. Hukuhesabu. Ukasema mkutano umefungwa, ukazima taa, tukatoka tukipapasa makoti gizani, nawe ukageuza ufunguo mlangoni. Sufuria yangu ya pilau ikabaki ndani. Watu walirudi makwao na njaa, na hawakukutana tena. Nawe ulipomaliza masomo ukarudi Dar, sisi tukabaki.

Husemwa nyani haoni kundule. Wewe uliliona, tena ulinifundisha mimi kulitambua, na ukalikalia vilevile. Hiyo ndiyo karaha yenyewe. Ungekuwa mjinga ningekusamehe zamani.

Sasa nikueleze habari za nyumbani kwako. Shuleni Neema na wenzake hufanya mkutano wa darasa, wanapiga kura hata juu ya rangi ya pazia. Nilipomsomea barua yako alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Då röstar vi, mamma." Basi tupige kura, mama. Tukapiga, turudi au tusirudi. Karatasi mbili, tukazikunja, tukazitia kwenye kikombe chako. Kura ya siri ya watu wawili, cheka ukitaka.

Moja ilisema hapana. Nyingine ilisema ndiyo, kwa herufi kubwa, na chini yake amechorwa mtu aliyepiga magoti, ameshika mwiko.

Nikafungua mdomo niseme mimi ndiye mama, nimeamua. Neno likafika ulimini. Nikaionja ladha yake, ikanitia kinyaa kilekile unachonitia wewe, nikalimeza.

Kura zimelingana, kwa hiyo hatuji, ingawa sijasema kamwe. Njoo wewe. Ukae kiti cha pembeni, umweleze mtoto kwa nini ulizima taa, naye akuulize mpaka achoke. Ukimaliza tutapiga kura tena, nawe utapewa karatasi moja kama sisi.

Kikombe nimekiacha mezani. Safiri salama, ukija.

Mimi niliyeandika hapana,
Mama Neema