Sare na Dunmore

Harlow, Iowa
20 Juni 1987

Mama mpendwa,

Naomba baraka zako, na za Papa wangu pia. Mimi ni mzima, ila tumbo bado linagombana na chakula cha huku; kila kitu wanakitia maziwa. Nyinyi je? Goti lako linasemaje siku hizi?

Mwambie Papa jana kwenye besiboli tuliwafunga Dunmore, na aliyerusha mpira tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi. Kocha alitaka kunitoa kipindi cha nane kati ya tisa, nikajifanya Kiingereza sikijui. Akasema, “Wewe Radhamés, kila siku unaelewa, leo ndiyo huelewi?” Nikamchekea tu. Akaniacha. Jioni mkono uliniuma hata kisu cha mezani kilinishinda kushika.

Wasalimie wote hapo Consuelo.

Mwanao,
Radhamés

*

Consuelo
14 Julai 1987

Mwanangu,

Mungu akubariki na akulinde huko ugenini. Goti langu linasema yale yale, nami nimeacha kulisikiliza.

Barua yako nilimsomea baba yako, kisha akaichukua kwenda nayo kiwanda cha sukari kuwasomea wenzake. Yeye, asiyejua hata herufi moja! Nasikia aliishika juu chini, akasema eti watu wa Dunmore hakuna hata mmoja aliyeugusa mpira wako. Nikamwambia, “Fermín, mtoto hakuandika hivyo.” Akajibu, “Hakuandika kwa sababu nimemfunza adabu.”

Ana kikohozi. Anasema ni vumbi la miwa, lakini chakula anakiacha sahanini, hata ndizi za kuponda. Sikwambii ili uhangaike. Nakwambia tu kwamba msimu ukiisha huo mwezi wa nane usikawie kwa marafiki. Panda ndege, uje.

Mama yako,
Eduvigis

*

Harlow
1 Septemba 1987

Mama mpendwa,

Naomba baraka. Najua mlikuwa mnanitazamia wiki hii. Sikia kwanza yaliyotokea.

Tumemaliza msimu sare na Dunmore. Tumeshinda mechi sawasawa, tumefungwa sawasawa, na nafasi ya kwenda kwenye mtoano imebaki moja. Nilidhani tutacheza mechi moja zaidi ya kukata shauri, kama kwetu. Wapi! Huku wanatazama mlipokutana nyinyi kwa nyinyi msimu mzima, nani kamfunga mwenzake mara nyingi zaidi. Sisi tumewazidi kwa mechi moja tu. Ile ile ya Juni, Mama! Wenzangu walinibeba juu juu. Kocha akanishika masikio, akasema, “Afadhali siku ile hukujua Kiingereza.”

Kwa hiyo tunaendelea, pengine mpaka wiki ya tatu ya mwezi huu. Mweleze Papa vizuri, maana atapenda.

Kikohozi chake kimepoa? Kukiwa na neno lolote nipigie telegramu. Kocha amesema ataniruhusu, warushaji wengine wapo. Nisipopata telegramu nitajua hali ni njema.

Mwanao,
Radhamés

*

Consuelo
15 Septemba 1987

Mwanangu Radhamés,

Mungu akubariki. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Baba yako amefariki Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani. Tumemzika jana. Haikuwa vumbi la miwa. Daktari alitwambia tangu mwezi wa saba kwamba ni mapafu na kwamba hakuna dawa.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimsomea akiwa amelala. Pale pa mechi ya Juni akaniambia, “Rudia hapo.” Nikarudia mpaka sauti ikanikauka. Akacheka, kikohozi kikamshika, akacheka tena. Nikamwambia, “Fermín, naenda posta, nimpigie telegramu aje.” Akanishika mkono, na mwanangu, nguvu zote zilizombakia alizitia hapo. Akasema, “Nafasi kaipata kwa mkono wake. Mimi baba yake ndiye nimnyang’anye? Nitamngoja.”

Nami nilimwamini. Alisema kama mtu anayengoja basi.

Jana nilifika mpaka mlangoni pa posta. Nikafikiri, mazishi hawahi tena, na huenda kesho ana mechi. Nikarudi nyumbani. Leo nakuandikia.

Mama yako,
Eduvigis

*

Harlow
26 Septemba 1987

Mama,

Barua nimeipata jana, tukitoka kufungwa fainali. Nilikuwa nimemnunulia Papa kofia.

Tungefungwa na Dunmore mwezi ule wa Juni, msimu wangu ungekwisha Agosti, na wiki ya kwanza ya Septemba ningekuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Lakini telegramu ilikuwa yako. Nilikwambia kimya chako nitakihesabu kuwa ni heri, na wewe ukanyamaza. Hata sala za siku tisa za kumwombea sikuzijua. Siku ya mwisho ya sala hizo mimi nilikuwa uwanjani, nacheka na watu.

Nimepata kazi kwenye machinjio ya hapa. Siji.

Radhamés

*

Consuelo
24 Januari 1988

Mwanangu,

Mungu akubariki. Hukuniomba baraka, lakini nakupa.

Hii ni barua ya tatu bila jibu, na sitakulaumu. Umesema kweli. Nilimsikiliza anayekufa, nikamsahau aliye hai. Ningeweza kwenda posta na kumdanganya yeye. Mume wangu nilimdanganya mangapi maishani, hilo moja likanishinda.

Leo nilikwenda uwanjani, mimi ambaye sijawahi. Timu ya kiwanda chetu imemaliza sare na ya kiwanda jirani, wakapewa mechi moja zaidi ya kuamua. Niliketi na jirani yetu Tatica. Kila mpira ukirushwa watu wanasimama, nami nasimama, sijui kwa nini. Nikamuuliza Tatica, “Nani anawapa hiyo moja zaidi?” Akadhani namtania, akacheka. Nikaona machozi yananijia mbele za watu, nikaondoka kabla haijaisha. Nani kashinda sijui.

Watu wa kiwandani wananisimamisha njiani wakiuliza habari zako. Nawajibu u mzima na kazi inakwenda vizuri. Niandikie hata mstari mmoja, Radhamés, nisiwe mwongo.

Mama yako,
Eduvigis