Kibanda cha Majani ya Mangongo

Alunguli, Jumanne usiku, mwezi wa kumi

Sukoti, Sukoti. Wiki nzima neno hilo halimtoki mchungaji wetu mdomoni. Anasema Wayahudi hulala siku saba katika vibanda vya majani kukumbuka safari ya jangwani, na sisi tunaosoma habari hiyo katika Biblia tufanye vilevile. Kila nyumba ijenge chake uani. Mvua imeshaanza, lakini nani anajali?

Leo alikuja kukagua. "Mama, mu paa muache matundu, nyota zionekane. Hii njo sikukuu ya furaha!"

Furaha! Wakati wa vita yeye alikuwa Kinshasa, chini ya mabati. Mimi nilikuwa porini, upande wa Pangi, chini ya majani ya mangongo, na nyota niliziona mpaka nikazichukia. Kila usiku nilimuomba Mungu ayazibe matundu hayo hayo.

Nilitaka kumwambia. Badala yake nikatwanga majani ya sombe kwa hasira mpaka mchi ukaniponyoka.

Binti yangu Riziki njo anayejenga, tena anaimba. Jioni nikamkuta anaezeka kuanzia juu. Maji yote yangeingia! Sikuweza kuvumilia. Nikayatoa majani, nikaanza upya kutoka chini, safu juu ya safu.

Akanitazama. "Mama, kumbe unajua! Ulishalala mu kibanda hata siku moja?"

"Hapana," nikasema.

Nilimzaa ndani ya kibanda kama hicho, mvua ikitunyeshea sote wawili.

Sasa ananiita. Ametandika mkeka mmoja kibandani, wake na wangu.