Madoa ya Jua Ukutani

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimepewa kupaka nyumba namba 214, ghorofani, mtaa wa Phillips, huku ughaibuni. Vyumba viwili na sebule. Lenny, supavaiza wangu, anataka kuta zote ziwe nyeupe kufikia Ijumaa. Ijumaa! Nimemcheka. Nikamwambia mimi Jumaa niliwahi kupaka nyumba ya mkuu wa wilaya Mombasa kwa siku moja, kwa brashi moja, rangi ya samawati, na asubuhi ndege wakaja wakaigonga wakidhani ni anga. Lenny akasema sawa, sawa, wewe paka nyeupe tu. (Ndege alikuwa mmoja. Na alikuwa kuku. Lakini aligonga!)

Vyumba vya kulala nimemaliza kabla ya adhuhuri. Kioja kiko sebuleni. Ukuta unaokabili dirisha, mtu ameuchafua. Waridi, manjano, zambarau, madoa mafupi mafupi, kama aliyekuwa akifutia vidole. Nikasema watoto. Watoto wa huku hawaguswi, ndiyo matokeo yake. Nikamimina nyeupe kwenye sinia, nikachovya rola.

Saa tisa na nusu jua likaingia dirishani. Likaja likakaa juu ya yale madoa. Juu yake hasa! Ukingo kwa ukingo, kama mto na foronya yake. Halafu ukuta ukaanza kutikisika. Naapa. Ile manjano ikawaka, ile zambarau ikarudi nyuma, chumba kizima kikawa kama kina maji. Nilishuka ngazi. Rola ilinidondokea kiatuni.

Dakika ishirini hivi. Jua likateleza, ukuta ukawa ukuta.

Sikupaka. Sijui kwa nini. Raha yangu ni kupaka, na sikupaka. Picha ya simu sikupiga, maana kichwa changu ni kamera.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemsimulia Raisa, binti wa dada yangu Ummulkheir. Naishi kwao hapa Frogtown. Raisa anasoma sanaa chuoni. Akaweka simu chini! Hilo sijawahi kuliona tangu anunuliwe.

Akaniambia kwa Kizungu chake cha mbio kwamba kulikuwa na wachoraji Ufaransa, zamani, walioacha kuchorea ndani wakatoka nje kulifukuza jua. Kilichowapendeza si nyumba wala mti bali ule mwanga uliokaa juu ya kitu, ambao baada ya robo saa haupo. Kwa hiyo walichora haraka haraka, hawasawazishi rangi, wanaweka doa la hili kando ya doa la lile, jicho la mtazamaji ndilo lichanganye. Watu waliwacheka, wakasema hawa hawajui kumaliza kazi.

Nikamwambia hayo nilikuwa nikiyafanya Mombasa bila kwenda Ufaransa. Ummulkheir akapaza sauti toka jikoni: "Raisa, usimjaze mjomba wako! Kesho atasema ni yeye aliyewafundisha."

Lenny alikuja. Nikamwambia ukuta wa sebuleni una unyevu, hauwezi kupakwa. Akaugusa, akasema mbona mkavu. Nikamwambia unyevu wa ndani haushikwi kwa kidole, ni wa kusikiwa. Akaniangalia sana. Amenipa hadi Jumanne ijayo, saa kumi na nusu, atakuja na mpangaji mpya. Nisipoufanya mweupe, nisijisumbue kuja kazini Jumatano.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempata mwenye ukuta!

Jirani wa 216 alikuwa anarudi kutoka zamu. Njeri, mwanamke wa Nyeri, yuko kwenye kazi za uuguzi, viatu vyeupe, uso umechoka. Akachungulia mlangoni, akashika kifua. "Ukuta bado upo? Nilijua mmeshaupaka!"

Mwenye ukuta ni Bi Mukandayisenga, mama wa Kongo, miaka themanini na moja. Septemba alianguka bafuni akavunjika nyonga. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee kule Oakdale, kulekule anakofanya kazi Njeri, na hapa harudi tena. Ukuta aliuchora mwaka jana, siku kama hizi. Jua likiingia, anainuka. Likitoka, anakaa. Hagusi brashi mpaka kesho yake. Robo saa kwa siku, mwezi mzima. Na kila asubuhi anamuuliza Njeri: ukuta wangu upo? Njeri anajibu upo, na roho yake inamsuta, kwa sababu hajui.

Hapo kifua changu kikajaa. Nikamwambia mlete! Mlete auone kwa macho yake. Mimi mwenyewe ni mchoraji, nikamwambia, nimeulinda kama mboni ya jicho.

Njeri akasema siku yake ya mapumziko ni Jumanne. Kisha akaninyooshea kidole: "Lakini wewe mzee, usinicheze. Huyo mama ameshadanganywa vya kutosha."

Mzee! Nina miaka hamsini na tatu! Lakini nimeapa mbele yake. Hakuna mkono utakaougusa ukuta ule nikiwa hai.

Alhamisi, 6 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Jua hakuna. Nimekaa kwenye ndoo nikiutazama ukuta, miguu inaniwasha. Mimi si mtu wa kukaa.

Na nilipoutazama kwa utulivu nikaona aibu. Una matobo! Kati ya rangi kuna vipande havikuguswa kabisa, ukuta mtupu, vyembamba, vimepindapinda, kama thelathini hivi. Kwetu sisi mafundi, kuruka sehemu ni fedheha. Fundi aliyenifunza kazi, Alamin, alikuwa akiona sehemu imerukwa anakupiga kofi la kisogo, moja kwa kila sehemu. Mimi nimewahi kupigwa mia tatu kwa siku. (Ishirini na mbili.)

Nikasema, masikini, bibi wa miaka themanini. Macho yamechoka, mkono hautulii. Anakuja Jumanne, aukute haujamalizika?

Nikatoka dukani na vikopo vitatu vidogo vya rangi. Nikachanganya mpaka waridi yangu ikawa ndugu wa waridi yake. Nikachukua brashi nyembamba ya kona za madirisha. Nimejaza vyote! Saa tatu nzima, sikupumzika hata kwa chai. Huwezi kujua wapi ni yeye na wapi ni Jumaa. Hata yeye hatajua.

Kazi safi. Safi kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mawingu. Baada ya sala nilimwambia rafiki yangu Isa mlangoni mwa msikiti kwamba natengeneza kazi ya sanaa ya thamani kubwa. Akauliza nani kanipa. Nikasema serikali.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike kwa mpango.

Asubuhi Raisa alinipeleka makumbusho, ile ya kuingia bure. Nikapita kwenye masanamu kama upepo, twende kwa hao Wafaransa. Kuna picha ya rundo la mavuno shambani, jua limo ndani ya ukungu. Ukisogea karibu ni fujo tupu. Rangi imepakwa juu ya rangi mbichi! Kwetu hilo ni kosa la kufukuzwa kazi, koti ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, ikauke kwanza. Nikamwambia Raisa. Akasema mchoraji hakuwa na nafasi ya kungoja ikauke, jua linahama. Alikuwa na picha kadhaa za rundo hilohilo, mwanga ukibadilika anaiweka hii chini anashika nyingine. Jina lake amelitaja mara tatu, ulimi wangu umelikataa.

Nikarudi nyuma hatua kumi. Ukungu ukaanza kupanda. Naapa nilihisi umande shingoni.

Halafu tukafika kwenye picha ya mto. Maji yanakwenda, yanametameta, mtu yuko kwenye mashua. Nikasogea, nikaona kitambaa kitupu katikati ya maji. Sehemu nyingi, hazina rangi kabisa. Nikasema kwa sauti mpaka mlinzi akageuka: "Hapa fundi karuka!"

Raisa akacheka akaficha uso. Akasema hajaruka, uncle, ameacha. Anaacha ili picha ipumue. Jicho lako ndilo linalopita hapo na kulifanya doa la kando lisogee. Ukijaza, inakufa.

Ukijaza, inakufa.

Nikamwambia tuondoke. Akauliza kwani umeona nini? Nikasema nina miadi na mbunge.

Nilifika 214 saa tisa na dakika ishirini. Na jua, kwa siku ya kwanza tangu Jumatatu, likatoka! Likaja likakaa mahali pake. Na nje kuna mti mkubwa umeshapukutisha majani, upepo unauchezesha. Vivuli vya vijitawi vyake vikaanguka ukutani. Vyembamba, vimepindapinda. Vikaanguka juu ya kazi yangu, kimoja kimoja, palepale nilipojaza.

Bibi hakuruka. Alichora jua, matawi akauachia mti uyalete wenyewe. Jumatatu kivuli kilikuwa kinaingia na kutoka kwenye ukuta mtupu, ndiyo maana ulitikisika. Leo vivuli vimezama kwenye waridi yangu kama nzi kwenye uji. Ukuta haukutikisika. Umesimama tu. Umepakwa vizuri.

Jumapili, 9 Novemba

Sikulala sawasawa. Sijala. Ummulkheir amenigusa paji la uso akasema, "Kaka, una homa au una deni?" Nikasema nawaza. Akasema basi ni homa.

Nimekwenda 214 mara mbili. Mawingu. Rangi yangu inabanduka, hilo najua, niliipaka juu ya ukuta unaong'aa bila kupiga msasa. Lakini yake pia aliipaka hivyohivyo! Nimejaribu kwa ukucha pembeni, zote zinatoka sawa. Na kamera ya kichwani haikumbuki. Kipi changu, kipi chake? Nilifanya kazi safi mno. Bila kivuli cha ule mti siwezi kujua, na bila jua kivuli hakuna.

Kuna njia nyingine. Ndoo ya nyeupe iko palepale. Makoti mawili, saa moja na nusu. Kisha nampigia Njeri: ole wetu, Lenny amekuja nisipokuwepo, ameupaka, nilimlilia hakusikia. Uongo mzuri. Nishawahi kusema mbaya kuliko huo nikaulia kiapo. Lenny anafurahi, kazi nabaki nayo, na bibi anauweka moyoni ule wa mwaka jana, uliokuwa hai.

Nimefungua mfuniko wa ndoo. Nimeufunga.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilimpigia Njeri kumwambia asije. Kabla sijafungua mdomo akasema mama ameomba asukwe nywele, amechagua kitenge tangu jana, na leo amekula chakula chote. "Sijamwona hivyo tangu aanguke," akasema. "Ulikuwa unasemaje, mzee?"

Nikasema lifti inafanya kazi.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika nikiwa 214, juu ya ndoo. Naandika ili mkono upate cha kufanya.

Wamefika saa tisa na robo. Njeri anasukuma kiti cha magurudumu. Bi Mukandayisenga ni mdogo kama kifaranga, mabega mawili tu na kitenge cha kijani. Nywele zake nyeupe zimesukwa nyuma. Akanisalimia vizuri, akaniita Papa kama wanavyoitana kwao, akanishika mkono, akaona rangi kwenye kucha zangu akatabasamu. Kisha Njeri akamgeuza kuuelekea ukuta.

Jua lilikuwa bado. Sikutegemea aone lolote bila jua. Nilikuwa nimejipa muda mpaka litoke.

Akautazama kama mtu anayesoma barua. Dakika moja. Mbili. Kisha akaelekeza kidole: "Papa, ni nani alijaza apa?"

Njeri akanigeukia. Nilikuwa na uongo wa aina tatu mfukoni. Lenny. Watoto wa jirani. Na wa tatu una polisi ndani yake, mzuri sana. Midomo ikafunguka nikajisikia nasema: "Mimi, mama."

Nikaanza kueleza, nikajikwaa. Nilidhani umeruka. Nilidhani hukufikia. Nilitaka uukute umekamilika. Njeri akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe!"

Bibi akauliza, "Kazi yako ni kupaka manyumba?" Nikasema ndiyo. Sikumwambia habari za mkuu wa wilaya.

Akatikisa kichwa. "Ile inaonekana. Umepaka muzuri. Lakini umeua muti wangu." Kisha, kama anayemweleza mtoto: mwangaza aliupaka yeye. Kivuli hakukipaka, kivuli kina miguu, kinakuja chenyewe kila siku kucheza. Yeye alikiachia nafasi tu.

Nikamwambia inabanduka, mama. Yangu na yako, zote. Sijui kipi ni kipi. Akasema hata yeye hajui sasa, lakini muti unajua. Jua likiingia, pale kitawi kinapolala, pale nikwangue. Upesi, kabla hakijahama. Vingine tutavikosa, akasema, haizuru.

Basi nimetoa kisu changu chembamba cha kukwangulia. Nimekinoa kwenye msasa. Njeri amesogeza kiti mpaka karibu, bibi ameinua mkono tayari kuonyesha.

Tukangoja.

Saa tisa na nusu. Wingu.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Wingu lilelile, limekaa kama limelipa kodi. Nimekwenda dirishani mara saba. Bibi amesema, "Papa, ikaa. Haliji kwa kuitwa." Nimekaa. Goti linaruka lenyewe.

Saa tisa na dakika arobaini. Bibi hajashusha mkono. Njeri amemshika kiwiko kwa chini, kuutegemeza.

Kumi kasorobo. Vani ya Lenny imeingia maegeshoni. Mapema! Anashuka na kijana mwenye kofia, anamwonyesha madirisha kwa kidole. Nimemwambia Njeri ni bosi wangu. Akauliza ataupaka? Nikasema atanifukuza mimi kwanza, kisha ataupaka.

Lifti inasikika.

Ukingo wa lile wingu umekuwa mweupe. Mweupe mno, siwezi kuutazama. Ubao wa dirisha umepata mstari mwembamba wa manjano, mstari unanenepa, unashuka sakafuni, unakuja.

Lenny anagonga. Anaita jina langu.

Kitawi cha kwanza kimegusa ukuta. Hakuna aliyekwenda kufungua.