Dakika Nne za Mwanzo

Jumatano, 9 Julai
Nimetoka shule, nimekula wali wa jana, nimekaa tena mbele ya TV ya chogo. Mstari wa 212. Nanakili maagizo ya gemu, mstari kwa mstari, kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza kilichokuja na kompyuta yangu ya tatu. Mbili za kwanza zimekufa, hii ya kahawia inawaka. Keyboard ndiyo kompyuta yenyewe, unaichomeka kwenye TV. Ukizima, yote yamepotea, labda uwe umeyarekodi kwenye kanda ya redio kaseti. Darasani wananiita Bibi Skrepa.

Jumamosi, 12 Julai
Nimemaliza! Mistari 340.
Jioni mita ikaanza kulia, yuniti zinaisha. Bibi yuko msibani Temeke, simu kaiacha nyumbani, siwezi kumpigia. Kanda zangu zote mbili zina ukungu, redio inazitafuna. Nikafungua kopo la biskuti ambamo Bibi anaweka kanda zake, nikachukua ya juu. Kijino chake cha plastiki kimevunjwa, kwa hiyo redio inakataa kurekodi. Nikaziba tundu kwa selotepu. Ikakubali. Kompyuta ikatoa mlio, kriiii, dakika nne, gemu lote limeingia kwenye kanda. Kisha umeme ukakata. Nilicheka peke yangu.

Jumapili, 13 Julai
Mama mdogo Nasra anakuja kutoka Maskati Jumapili ijayo. Mara yake ya kwanza Dar. Mama yake, Zuwena, ni mdogo wake Bibi. Aliolewa huko, akafia huko, Nasra akiwa na miaka miwili. Zamani watu wa Maskati walikuwa wanajirekodi kwenye kanda badala ya kuandika barua. Ya Zuwena imebaki moja. Nasra hajawahi kusikia sauti ya mama yake. Bibi hakuthubutu kuituma, aliogopa isije ikapotea njiani.
Bibi kasema iko kwenye kopo, juu kabisa. "Kijino nilikivunja mwenyewe, asije mtu akanirekodia mataarabu yake."
Nilikuwa na chai mdomoni. Niliirudisha kikombeni.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeisikiliza kwa earphone. Kriiii. Halafu mwanamke, ghafla: "...na wa kwa Bi Tatu nao wote nisalimie." Sauti nyembamba, ina haraka, kama ana kitu jikoni.
Anaanzia katikati. Mwanzo nimeufuta mie.
Nimetapika. Nimemwambia Bibi ni maharage ya shule.

Jumatano, 16 Julai
Nimepitia Ubungo kwa Deo, fundi redio aliyeniuzia kompyuta. Nikamuuliza kama inawezekana kurudisha sauti iliyofutwa.
"Sista, umepaka rangi ukutani halafu unaulizia rangi ya zamani? Imeenda hiyo!" Akacheka. Alipouona uso wangu akaacha, akanipa soda. Niliiacha juu ya meza.

Ijumaa, 18 Julai
Bibi leo kafuta redio vumbi kwa kitambaa cha kanga. Kafungua kopo. Kafunga. Kafungua tena.
Nikaenda kuileta kanda. Nikasema niliichanganya na zangu, nikarekodi juu yake, bahati mbaya.
"Bahati mbaya?"
"Ndiyo, Bibi."
Akaigeuza kanda mkononi, taratibu. "Haya."
Basi. Hakuna kelele. Afadhali angenichapa. Nimemdanganya mtu aliyenilea, na nimemdanganya kwa adabu zote, mikono nyuma.

Jumapili, 20 Julai
Mama mdogo Nasra kaja. Ana miaka arobaini na kitu, mnene, mcheshi, anachanganya Kiswahili na Kiarabu. Baada ya chakula akakaa chini karibu na redio, kama mtoto. Bibi alishamweleza kuwa mwanzo umeharibika.
Mlio ukaanza. Nilitamani sakafu inimeze. Na Bibi, macho kafumba, akaanza kusema juu ya ule mlio:
"Asalaam aleikum, dada yangu. Mie mzima, mtoto mzima. Joto la huku usiniulize. Huyu hapa. Nasra, mwamkie mama mkubwa. Haya, sema shikamoo. Sema..."
Akafumbua macho, akamgeukia Mama mdogo. "Hapo ulilia."
Anaijua yote kwa moyo. Sehemu iliyofutika aliimaliza mapema, tukangoja mlio uishe. Ndipo Zuwena akaingia, na haraka yake. Mama mdogo akaweka kiganja juu ya spika.
Ilipoisha akanivuta, akanikumbatia. "Usilie, mama. Hukujua."
Bibi ananitazama tu.
Nikasema nilijua. Sikujua ni ya nani, lakini kijino kimevunjwa na maana yake naijua kuliko mtu yeyote humu ndani. Niliziba kwa selotepu. Sauti yangu ilitoka kubwa, sijui ilitoka wapi.
Mama mdogo aliniachia. Akaiangalia kanda, akapapasa selotepu kwa ukucha.
Bibi akasema, "Siku nilipokivunja kile kijino, kisu kilinikata kidole. Tangu Ijumaa nakungoja uyaseme." Akanyanyuka kwenda kutia udhu.

Jumatatu, 21 Julai
Mama mdogo kaondoka saa nne. Amesalimiana nami kwa mkono. Jana alipofika alinibusu.
Kabla hajaondoka aliniomba nimrekodie kanda kwenye simu yake. Nikamuuliza kama nikate mlio. Akamtazama Bibi. Bibi akasema nisikate, yeye atausemea wapi sasa ule mwanzo? Akakaa karibu na redio, akausema tena, simu inarekodi. Safari hii hakumaliza mapema.
Kopo limehamia chumbani kwa Bibi.
Nimebandua selotepu. Gundi imebaki kidogo pembeni ya tundu, nimeisugua kwa kitambaa.