Ng'ombe wa Mama Mutheu na Chuo Changu

Jumatatu, 3 Februari

Maktaba tena. Kompyuta zote zimeshikwa, nimetumia simu. Somo: jinsi kompyuta moja inavyoipata nyingine kwenye mtandao. Nimelielewa mara ya pili. Masomo ni ya bure. Mchana kwa fundi Kioko, kufungua kompyuta mbovu alizozirundika sakafuni. Hanilipi, simlipi. Tunaelewana.

Nyumbani nikasema nimetoka chuoni. Kama kawaida. Hapa kwetu ukisema unajisomea, unapewa jembe.

Jumatano, 5 Februari

Leo mwethya ulikuwa kwetu: majirani wanachimbiana mitaro ya shamba kwa zamu, kabla mvua haijaja. Kila mtu na kipande chake. Nilisema niko na mtihani. Mama Mutheu, wa boma la chini, akachimba kipande chake na changu pia. Mwaitu, mama yangu, ameniambia Mama Mutheu alivyowanyamazisha wengine: "Mwacheni msomi. Chuo si mchezo."

Nimekuta mtaro umeisha na chai yangu imefunikwa sahani. Aibu. Chai nimekunywa.

Ijumaa, 7 Februari

Mama Mutheu amekuja jioni. Anamuuza ng'ombe wake wa maziwa ili binti yake Mutheu aingie chuo changu. Mnunuzi anakuja kesho kutoka Kithimani. Akauliza chuo kinaitwaje.

Nimesema nitamletea fomu.

Fomu! Ya chuo gani? Ana ng'ombe mmoja tu. Mimi ni mwizi ambaye hajaiba bado.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefika kwa Mama Mutheu mnunuzi akiwa tayari anampapasa ng'ombe mbavu. Nikasema yote mbele yake, maana ningengoja ningepata uongo mwingine. Hakuna chuo. Kuna maktaba, simu na sakafu ya Kioko. Cha kulipia ni mtihani wa cheti peke yake, na hata huo sijaufanya.

Mnunuzi: "Mama, tunauza ama tunasoma?"

Mama Mutheu alikuwa ananiangalia mimi. "Kwa hivyo nilichimbia mtu aliyekaa mjini akibonyeza simu?"

"Ndio, Mama."

"Na hiyo kazi unaijua kweli?"

"Kiasi."

"Kiasi," akasema, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Akamfungua ng'ombe, akampeleka malishoni. Mnunuzi amenitukana kwa Kikamba safi. Sikuona kosa lake.

Mwaitu amesikia kila kitu akiwa upande wa pili wa ua. Amegeuka, akarudi jikoni. Afadhali angenichapa.

Jumatatu, 10 Februari

Mwaitu amenipa uji, hajauliza ninakoenda. Nimemwambia mwenyewe: maktabani. Ameitikia kwa kichwa.

Mutheu alikuwa ananingoja barabarani, amevaa viatu vya kanisa. Mama yake amemruhusu asome nami mpaka mwisho wa mwezi, aone kama kweli. Tumekaa meza ya nyuma. Akauliza mwalimu yuko wapi, nikamwonyesha simu. Hakucheka.

Anasoma polepole, midomo ikitembea. Nimeshika simu katikati yetu, sikugeuza ukurasa mpaka aliposema sawa.